Goma: Bati la gari likiisha kukwanguliwa, lisilale uchi

Basi dogo moja la aina ya Hiace, linalobeba abiria kati ya Ndosho na katikati ya mji wa Goma, liliingizwa garaji mwezi wa nane, wakati wa kiangazi. Mwenye gari ni mama mjane anayelipa masomo ya watoto wanne kwa mapato ya gari hilo. Alitaka karosri itengenezwe kabla mvua hazijarudi. Fundi wa mabati, yule ambaye mjini wanamwita tolie, alifanya kazi yake haraka. Kwa siku tatu alikwangua rangi ya zamani kwa mashine ya diski, akakata sehemu zilizooza, akachomelea vipande vipya. Gari zima likabaki jeupe, linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Waliopita barabarani walisimama kulitazama.

Kisha pesa zikaisha. Mwezi wa tisa masomo yakaanza, na feza iliyowekwa kwa ajili ya rangi ikaenda shuleni. Gari lilibaki kwenye kiwanja cha garaji kwa wiki saba, juu ya mawe ya volkano, bila kufunikwa. Mvua ikanyesha, jua likawaka, mvua ikanyesha tena. Mama aliporudi na pesa, bati lote lilikuwa limegeuka rangi ya matofali. Alipouliza, tolie alimjibu kwa upole: "Mama, usiogope. Hii kutu ni ya juu juu tu, mastiki itafunika yote."

Mastiki ilifunika kweli. Kabla ya Noeli gari lilitoka na rangi mpya, na abiria walipenda kulipanda. Lakini mwezi wa nne mapovu yalianza kutokea chini ya milango, mengine madogo kama punje za maharagwe, mengine makubwa kama kifuniko cha chupa. Mwezi wa sita, bati la kukanyagia mlangoni likatoboka. Mguu wa msichana wa shule uliingia ndani ya tundu hilo, na akatoka na jeraha la kushonwa. Mama alilipa hospitali, halafu akalipa garaji mara ya pili kwa kazi ileile.

Mwenye gari anasema tolie ni mwizi. Tolie anasema mwenye gari alichelewesha pesa. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, lakini wote wawili wanatazama tarehe isiyo ya kosa. Kosa halikufanyika siku ya mastiki wala siku ya rangi. Lilifanyika siku ile gari lilipong'aa na watu wakalisifu, kwa sababu siku hiyo jioni bati lililala uchi.

Kufuatana na hali ya mji huu, inafaa kanuni moja ikubaliwe na wenye magari na mafundi: asiwepo mtu wa kukwangua bati leo ikiwa rangi ya kuzuia kutu haiko tayari pale pale, imenunuliwa, imewekwa mezani. Bila rangi hiyo, mashine ya diski isiwashwe.

Chuma hakiozi kwa sababu ni kibaya

Wapo wanaosema mabati ya siku hizi ni mepesi, ndiyo sababu yanaliwa haraka. Ni kweli kwamba bati la gari ni jembamba, kwa kawaida halifiki hata milimeta moja. Lakini wembamba hauleti kutu. Kutu huletwa na maji na hewa vinapokutana juu ya chuma kisicho na kizuizi. Hewa ya Goma ina unyevu mwingi muda mrefu wa mwaka: ziwa liko chini, milima iko juu, na usiku kuna baridi. Asubuhi, bati lililolala nje huwa na umande hata kama mvua haikunyesha. Umande huo peke yake unatosha kuanzisha kazi.

Jambo la pili ni kwamba gari linapotoka kiwandani huwa na ulinzi wake. Magari mengi yaliyotengenezwa katika miaka 30 iliyopita yana mabati yaliyopakwa zinki, hasa sehemu za chini. Juu ya zinki kuna rangi ya kwanza iliyowekwa kwa kuzamisha karosri nzima ndani ya pipa kubwa, ikaingia hata kwenye pembe ambazo mkono haufiki. Mashine ya diski inapopita, haiondoi rangi tu. Inaondoa na zinki. Fundi akimaliza, gari limerudi nyuma kuliko siku lilipotoka kiwandani, na hakuna garaji ya Goma yenye pipa la kurudisha kile kilichoondolewa. Ndiyo maana gari lililokwanguliwa ovyo huoza haraka kuliko lile lililoachwa na rangi yake mbaya.

Jambo la tatu ni la hapa kwetu Kivu. Wakaaji wa Goma wanajua vizuri kinachotokea kwenye mapaa ya nyumba. Bati jipya la nyumba, upande ambao moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unaelekea, hasa kuelekea Rusayo na Sake, hupoteza mng'ao wake mapema na kuanza kutoboka. Moshi wa volkano una gesi ya salfa. Gesi hiyo ikichanganyika na maji ya mvua au umande, maji yanakuwa na ukali wa asidi. Mama wa nyumbani anajua: paa likizeeka, maji ya mvua kwenye pipa yanakuwa na rangi ya chai. Ikiwa bati la nyumba, ambalo limepakwa zinki pande zote mbili, linashindwa kusimama mbele ya mvua hiyo, bati la gari lililo uchi litafanya nini?

Tena kuna vumbi jeusi la mawe ya volkano. Vumbi likilala juu ya bati, hushika unyevu kama kitambaa kilicholowa. Gari linaweza kuonekana kavu, kumbe chini ya vumbi chuma kimelowa siku nzima.

Mwisho, magari mengi yanayoingia Goma yametumika ng'ambo kwanza, na mengi yametoka Japani. Katika mikoa ya Japani yenye theluji, chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Baadaye magari hukaa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, kwenye hewa ya bahari. Kwa hiyo gari linaweza kufika na chumvi iliyojificha ndani ya mikunjo ya bati. Mnunuzi anatazama viti, redio na injini. Chini ya gari hatazami mtu.

Dawa tano zisizotibu

Katika garaji nyingi za komini ya Karisimbi na ya Goma, mafundi si wavivu. Wengi wameanza kazi wakiwa vijana wadogo, wamejifunza kwa kutazama, na mikono yao ina ujuzi wa kweli. Tolie mzuri wa Birere anaweza kunyoosha mlango uliobondwa hadi mwenyewe asijue ulibondwa wapi. Lakini kuhusu bati uchi, kuna desturi tano ambazo zinapitishwa kutoka kwa bosi hadi kwa mwanafunzi kama urithi, na zote zinaharibu.

Ya kwanza ni mastiki juu ya kutu. Mastiki imetengenezwa kwa kusawazisha, haikutengenezwa kwa kuzuia maji. Ina vitundu vidogo visivyoonekana na inanywa unyevu. Ikiwekwa juu ya kutu, inafunika macho ya mwenye gari, lakini kazi ya chini inaendelea. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo inasukuma kwenda juu. Yale mapovu yanayotokea baada ya miezi ni kutu inayotafuta nafasi.

Ya pili ni kupaka oili chafu ya injini ili gari lingojee pesa. Ni kweli oili inazuia maji kwa muda. Lakini oili inaingia ndani ya maungio ya bati, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Siku ya rangi, joto la jua linaitoa nje, na rangi inavuliwa kama ganda la ndizi. Fundi atasema rangi ilikuwa mbaya. Rangi haikuwa mbaya, ilikuwa imelala juu ya mafuta.

Ya tatu ni kufunika gari kwa plastiki na kulifunga sana. Mwenye gari akiona turubai anafurahi, anadhani gari lake limelindwa. Lakini unyevu ulioko chini, hasa unaopanda kutoka ardhini, unabaki ndani. Usiku unageuka matone juu ya bati, mchana jua linapasha, na gari linachemka kama ndizi chini ya majani. Turubai ni nzuri ikiwa imesimama juu ya miti kama paa, hewa inapita pande zote, bila kugusa bati.

Ya nne ni kuosha bati uchi kwa maji ili kuondoa vumbi la msasa. Maji yakigusa chuma kilichosuguliwa, kutu ya manjano inaweza kuonekana kabla fundi hajamaliza chakula chake cha mchana. Vumbi la msasa huondolewa kwa hewa ya kompresa na kitambaa safi chenye dawa ya kusafishia rangi, kisha kitambaa kikavu kinafuata mara moja. Dizeli haifai kwa kazi hiyo, maana inaacha mafuta.

Ya tano ndiyo inayodanganya wengi, hata mafundi wazuri. Ni kupaka ile rangi ya kijivu ya kawaida, ya kusawazisha kabla ya rangi ya mwisho, halafu kuamini kwamba gari sasa linaweza kungoja. Rangi nyingi za kijivu za aina hiyo ni laini na zina vitundu ili ziweze kusuguliwa kwa urahisi. Zinaonekana zimefunika, lakini zinapitisha unyevu polepole. Gari lililopakwa kijivu tu na kuachwa nje msimu mzima wa mvua lina kutu chini ya kijivu, na hakuna anayeiona mpaka msasa upite.

Pesa hulipwa kinyume

Ukizungumza na mafundi, wengi wanajua mambo haya, au angalau wanajua nusu yake. Swali ni kwa nini hawayafanyi. Jibu lao ni moja: pesa.

Rangi ya epoksi, ambayo ndiyo bora ya kufunika chuma uchi, huuzwa kwa makopo mawili, la rangi na la kigumushi. Ni ghali kuliko kijivu cha kawaida. Ikiisha kuchanganywa lazima itumike kwa saa chache, la sivyo inaganda ndani ya pistole na kuharibu yote. Fundi ambaye umeme unakatika bila taarifa, anayekodi kompresa kwa jirani, anaogopa kuchanganya kitu ambacho hakimngojei. Hofu hiyo ni ya haki.

Kisha kuna namna wenye magari wanavyolipa. Mwenye gari anafika na kiasi kidogo cha kuanza. Anataka kuona kazi. Fundi naye, ili kuonyesha kwamba ameanza, anachukua diski na kukwangua gari zima, maana kukwangua kunaonekana. Gari likiisha kuvuliwa, mwenyewe hawezi tena kulihamisha garaji nyingine, na fundi anajua hivyo. Tangu hapo gari limekuwa rehani. Pesa inayofuata inatoka kidogo kidogo, na ile ya mwisho, iliyo nyingi, inawekwa kwa ajili ya rangi ya juu, ile ambayo majirani wataiona Jumapili kanisani.

Kwa hiyo feza inaingia mwanzoni kwa ajili ya kubomoa, inaingia mwishoni kwa ajili ya kupendeza, na katikati, mahali ambapo uhai wa gari unaamuliwa, hakuna kitu. Mwenye gari hakatai kulipa kwa sababu ni mchoyo. Hajaambiwa kamwe kwamba kuna kitu cha kulipia pale. Kwenye faktire nyingi imeandikwa tu "tolri na rangi", na jumla yake.

Hapa ndipo lawama inapaswa kugawanywa sawa. Fundi anayevua gari zima akijua rangi ya kuzuia kutu haipo, anamkosea mteja wake hata kama hakuiba franga moja. Mwenye gari anayekataa kulipia kopo la epoksi kwa sababu "halionekane", halafu anadai rangi ya juu ya bei kali, naye anajikosea mwenyewe. Na anawakosea abiria, ambao hawakuulizwa.

Namna ya kufanya bila kuwa tajiri

Kuna wanaojibu kwamba haya ni mambo ya garaji za Ulaya zenye vyumba vya joto. Hapana. Kazi kubwa ni ya mpangilio, na mpangilio haununuliwi.

Jambo la kwanza, na lisilo na gharama hata kidogo, ni kutovua kile kisichohitaji kuvuliwa. Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri ndiyo kinga bora ambayo gari hilo litakuwa nayo maishani. Inasuguliwa kidogo kwa msasa laini ili rangi mpya ishike, basi. Diski iende mahali palipooza na ukingo wake tu.

La pili ni kwenda kipande kwa kipande. Leo mlango mmoja: unakwanguliwa asubuhi, kutu inaondolewa mpaka chuma safi, unafutwa, na kabla jua halijatua umepakwa rangi ya kuzuia kutu. Kesho mlango wa pili. Pesa zikikatika baada ya milango miwili, gari lina milango miwili iliyolindwa na miwili yenye rangi yake ya zamani. Linaweza kungoja miezi mitatu bila kuharibika. Linaweza hata kurudi barabarani kutafuta feza, likiwa na mabaka mabaya ya rangi mbili. Mabaka hayatoboi mguu wa mtoto.

Kwa njia hii hata hofu ya epoksi inapungua. Fundi anachanganya kiasi kidogo kinachotosha mlango mmoja, akifuata vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo. Umeme ukikatika, sehemu ndogo za chini zinaweza kupakwa kwa brashi. Haitapendeza kama ya pistole, lakini itafunika, na pale chini hapatazamwi na mtu.

La tatu ni mikono. Jasho la binadamu lina chumvi. Mwanafunzi wa garaji akiegemea bati lililosafishwa, baada ya siku chache alama ya vidole vyake inaonekana kwa rangi ya kutu, vidole vyote vitano. Glavu za bei ndogo, au hata kitambaa kikavu, vinatosha kuzuia hilo.

La nne ni kutu iliyojikita kwenye vishimo ambavyo diski haifiki. Huko wengine hutumia dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza kutu kuwa kitu kigumu cheusi au cha kijivu. Inasaidia, lakini si uchawi. Kutu inayobanduka lazima iondolewe kwanza kwa brashi ya chuma, na dawa ikimaliza kazi lazima masalio yake yaondolewe na kukaushwa kama maelekezo yanavyosema. Asidi iliyoachwa chini ya rangi inaizuia kushika. Na anayeitumia afunike macho na mikono.

La tano ni kuchomelea. Sehemu mbili za bati zinapolaliana na kuchomelewa, katikati yake panabaki uchi milele, kwa sababu baada ya kuchomelea hapafikiwi tena. Ipo rangi yenye zinki nyingi inayopakwa pande zote mbili kabla ya kuchomelea. Ikikosekana, angalau maungio yafungwe kwa mastiki laini ya kuziba, ile inayobaki kama mpira, baada ya rangi ya kuzuia kutu kupakwa. Upande wa ndani wa bati, uliounguzwa na moto, nao usisahauliwe. Garaji nyingi hupaka nje vizuri sana na kuacha ndani peusi pa moto. Ndiyo maana kutu nyingi ya Goma inatokea ndani kwenda nje.

La sita ni matundu madogo yaliyo chini ya milango na kwenye kingo za chini ya gari. Viwanda viliyaweka ili maji yatoke. Tolie wengi wanayaziba kwa mastiki, wakidhani ni tundu la kutu. Mlango uliozibwa ni ndoo: kila mvua unajaa, na hakuna rangi duniani inayostahimili ndoo. Baada ya rangi kukauka, nta au grisi laini ipuliziwe ndani ya sehemu hizo zilizofungika. Hapo grisi ina mahali pake, kwa kuwa hakuna rangi nyingine itakayokuja juu.

Baada ya yote hayo, mastiki ya kusawazisha iwekwe juu ya epoksi iliyokauka na kusuguliwa, siyo chini yake. Hivyo maji yakipenya mastiki siku moja, yatakutana na ukuta kabla ya kukutana na chuma. Kila kopo lina muda wake wa kungoja kabla ya kuweka kitu juu. Muda huo usomwe, na asiyejua lugha iliyoandikwa kwenye kopo aulize.

Na ambaye hana uwezo wa epoksi kabisa? Atumie rangi ya kawaida ya kuzuia kutu, ile mafundi wanaita antiruye, mikono miwili, halafu rangi ya mwisho ifuate mapema, kwa siku na si kwa miezi. Ikiwa hata hiyo haiwezekani, basi gari lisivuliwe mwaka huu. Kungoja na rangi ya zamani si aibu.

Anayelipa ni abiria

Mtu anaweza kusema kwamba kila mmoja ana haki ya kuozesha gari lake. Kwa gari la nyumbani, labda. Lakini Hiace ya abiria si mali ya mtu mmoja inapokuwa barabarani. Viti vimefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya bati. Sakafu ikiliwa, boliti inashika hewa. Gari likigonga au likifunga breki ghafla kwenye mteremko wa kutoka Munigi, kiti kinatoka na watu wake. Kutu kwenye ukingo wa chini ya milango inapunguza nguvu ya karosri yote, hata kama nje rangi inang'aa.

Polisi wa rulaji wanaposimamisha gari wanauliza karatasi: bima, vinyeti, kibali cha dereva. Ni nadra kuona mtu akiinama kutazama chini. Kama ukaguzi wa magari una maana, ungeanza pale abiria wanapoweka miguu. Nyundo ndogo ikigongwa taratibu kwenye sakafu inasema ukweli: bati zima linalia, lililooza linatoa sauti ya karatasi. Hiyo haihitaji mashine wala ofisi.

Lakini kungojea ukaguzi si dawa. Vyama vya madereva wa basi na taksi vipo, na vinakusanya michango kwa wanachama wao kila mara. Vingeweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: kununua epoksi kwa pamoja na kuwauzia wanachama kwa kiasi kidogo kinachotosha mlango au sakafu moja. Kinachofanya epoksi ionekane ghali ni kwamba mtu mmoja analazimika kununua kopo zima, atumie robo, na iliyobaki izeeke chini ya meza.

Mafundi nao wangeweza kubadili faktire. Badala ya mstari mmoja wa "tolri na rangi", waandike mistari mitatu: kuondoa kutu na kuchomelea, kinga ya chuma, rangi ya juu. Mwenye gari akiona mstari wa kinga ataulizia, na akiulizia atafundishwa. Mstari huo ulipwe kwanza, kabla ya kazi kuanza. Kopo likifika, kazi inaanza. Kopo lisipofika, gari linarudi nyumbani na rangi yake, na hakuna aliyepoteza.

Fundi anaweza kuogopa kwamba mteja atakimbilia garaji ya jirani isiyodai kitu kama hicho. Wengine watakimbia kweli. Lakini mji wa Goma ni mdogo, na magari yanarudi. Baada ya msimu mmoja wa mvua, gari la jirani litakuwa na mapovu na la kwake halitakuwa nayo, na madereva wanaongea sana kwenye parkingi wakingoja abiria.

Yule mama wa Ndosho amepata tena gari lake. Safari hii alikaa na fundi mwingine, mzee mmoja wa Majengo, akamuuliza kabla ya kumpa kitu: "Papa, ukikwangua leo, jioni utalifunika na nini?" Mzee alimwonyesha kopo. Sakafu ilitengenezwa kwanza, peke yake, ndani na nje. Milango bado ina rangi ya mwaka jana, yenye makovu, na itangoja zamu yake. Gari linafanya kazi kila siku, na watoto wa shule wanapanda kwa mguu wowote wanaotaka.

Swali la mama huyo halina gharama. Kila mwenye gari anayekwenda garaji wiki hii anaweza kuliuliza, na jibu atakalopata litamwonyesha kama aache funguo au arudi nazo nyumbani.